Gari Lililo Juu ya Mawe: Namna ya Kuuza Gari Bovu Bila Kupunjwa

Katika vijiji vingi na miji midogo ya Tanzania utaona gari bovu limekaa nyuma ya nyumba. Limewekwa juu ya mawe. Tairi zimeondolewa au zimepasuka. Kuku wanataga mayai juu ya viti. Nyasi zimeota mpaka mlangoni. Gari hilo halijatembea kwa miaka mitano, kumi, au hata ishirini.

Wenye nyumba wamelizoea. Hawalioni tena kuwa ni mali. Siku moja anakuja mtu na lori. Anasema, "Mzee, chuma hiki kinakuzibia uwanja. Nitakupa fedha kidogo nikuondolee." Mzee anafurahi. Anapokea fedha bila kupima na bila kuandika. Gari linapakiwa, na jambo limekwisha.

Lakini huenda jambo halijakwisha. Huenda fedha aliyopewa ni theluthi moja tu ya thamani ya mali yake. Huenda watoto wa marehemu kaka yake watauliza, "Gari la baba liko wapi?" Huenda askari wakaja na kuuliza habari za gari lenye jina lake.

Ndugu msomaji, gari bovu bado ni mali. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuliuza kwa faida, kwa usalama na kwa amani ndani ya familia.

1. Kwanza ujue gari ni la nani

Swali la kwanza si bei. Swali la kwanza ni hili: Nani ana haki ya kuliuza gari hili?

Kama gari lina jina lako, nawe u hai na una kadi yake, jibu ni rahisi. Wewe ndiye muuzaji.

Kama mwenye gari amekwisha kufa, gari hilo ni sehemu ya mirathi. Mtoto mkubwa hawezi kuliuza kwa sababu tu yeye ni mkubwa. Baba mdogo hawezi kuliuza kwa sababu tu yeye ni mkubwa wa ukoo. Anayeruhusiwa kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Namna ya kumpata msimamizi ni hii. Familia hupata cheti cha kifo. Kisha ukoo hukutana na kupendekeza jina la mtu wanayemwamini. Uamuzi wao huandikwa katika muhtasari wa kikao. Halafu mtu huyo hupeleka maombi mahakamani. Mahakama ikiridhika, humpa barua ya usimamizi. Mwanamke anaweza kuwa msimamizi sawa na mwanamume. Mjane pia anaweza.

Msimamizi si mwenye mali. Yeye hukusanya mali, hulipa madeni, na kugawa kinachobaki kwa warithi. Fedha ya gari ni ya warithi wote. Kwa hiyo aiandike, na awaonyeshe hesabu.

Kama gari ni la kijiji au la chama cha ushirika, kiongozi mmoja hawezi kuliuza peke yake. Jambo hilo lifikishwe mbele ya wenye mali, yaani mkutano mkuu wa kijiji au wa chama. Taratibu za kuuza mali ya umma zifuatwe. Uamuzi uandikwe katika muhtasari. Wananchi wana haki ya kuuliza gari liliuzwa kwa nani, kwa bei gani, na fedha iko wapi.

2. Tafuta kadi ya gari

Kila gari lililosajiliwa lina kadi. Kadi huonyesha jina la mwenye gari, namba ya usajili, aina ya gari, namba ya fremu na namba ya injini. Wengi huiita fremu kwa jina la chesisi.

Tafuta kadi hiyo sandukuni, kwenye mafaili, au kwa ndugu. Ukiipata, nenda nayo kwenye gari. Tafuta namba ya fremu iliyogongwa kwenye chuma. Katika Land Rover nyingi za zamani imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na springi. Sugua kutu taratibu kwa brashi ya waya mpaka namba ionekane. Kisha linganisha namba moja moja na kadi. Ikiwa namba hazilingani, simama. Uliza kwanza, usiuze.

Ikiwa kadi imepotea, nenda kituo cha polisi ukatoe taarifa ya upotevu. Halafu nenda na taarifa hiyo ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Hapo utaelezwa namna ya kupata kadi nyingine.

Wanunuzi wengine hutumia hofu. Husema, "Gari hili lina madeni ya serikali ya miaka kumi na tano. Ukienda ofisini utakamatwa. Afadhali uniuzie mimi kimya kimya." Usikubali kutishwa. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, ile iliyojulikana kwa watu wengi kama rodi laisensi, ilifutwa mwaka 2017. Tangu hapo gari halilipiwi ada hiyo kila mwaka. Kama una wasiwasi kuhusu deni lolote, nenda TRA uulize mwenyewe. Jibu la ofisi ni bora kuliko jibu la mnunuzi.

3. Litazame gari vizuri

Gari linaposimama muda mrefu, huharibika polepole ingawa halitumiki. Ni vizuri ujue nini huharibika na nini hubaki.

Betri hufa upesi. Petroli iliyobaki kwenye tangi huchacha na kuacha utando kama gundi katika mipira na kabureta. Oili ya breki huvuta maji kutoka hewani. Maji hayo huleta kutu ndani ya breki, na magurudumu hukwama. Mpira wa tairi hukauka na kupasuka. Panya hutafuna nyaya. Kutu hula fremu, hasa pale gari linapogusa udongo.

Lakini vitu vingi hubaki vizima. Giaboksi na difu zilizojaa oili zinaweza kukaa miaka mingi bila kuharibika. Milango, vioo, rimu, springi, taa na usukani vyaweza kufaa gari jingine.

Jambo kubwa ni injini. Mnunuzi atataka kujua: injini inazunguka au imekwama? Injini inayozunguka ina bei kubwa zaidi. Usijaribu kuiwasha kwa nguvu baada ya miaka mingi, wala kulivuta gari ili iwake. Ukifanya hivyo waweza kuivunja. Mwite fundi. Atatoa plagi, atamimina oili kidogo katika kila silinda, na ataiacha muda ili oili ipenye. Kisha ataizungusha taratibu kwa mkono. Land Rover za zamani zina mahali pa kutia hendeli mbele. Hapo kazi ni rahisi.

Kabla ya kufungua boneti au milango, gonga bodi kwa fimbo na usubiri. Nyoka, nyuki na nge hupenda kukaa katika magari yaliyosimama.

Andika kila kitu unachokiona. Chora safu mbili katika daftari. Safu ya kwanza iwe "Kizima". Safu ya pili iwe "Kibovu". Kazi hii ni ya mtu aliyesoma, na wewe sasa umesoma.

4. Ijue madini iliyo katika gari

Gari si chuma kitupu. Lina madini ya aina mbalimbali, na kila moja ina bei yake.

Chuma: fremu, ekseli, springi, na bodi za magari mengi. Bei yake kwa kilo ni ndogo, lakini uzito wake ni mkubwa.

Alumini: pistoni, giaboksi za magari mengi, na rejeta za magari ya karibuni. Ni nyepesi, na bei yake kwa kilo huzidi ya chuma.

Shaba: nyaya, stata, dainamo, na rejeta nyingi za zamani. Bei yake hupita ya alumini.

Risasi: imo ndani ya betri.

Land Rover ya zamani ina jambo la pekee. Gari hilo lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Wakati ule vita kuu ilikuwa imekwisha karibuni, na chuma kilikuwa adimu nchini humo. Kwa hiyo watengenezaji walitumia alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Ndiyo sababu Land Rover ya zamani yaweza kuwa na fremu iliyooza kabisa, lakini bodi yake haina kutu.

Waweza kupima mwenyewe. Chukua sumaku kutoka spika ya redio mbovu. Iguse kwenye bodi. Chuma kitaivuta sumaku. Alumini na shaba haziivuti. Mtu akikuambia bodi yote ni bati tu, mwonyeshe sumaku yako.

Magari ya petroli ya miaka ya karibuni yana kitu kingine cha thamani. Katika bomba la moshi mna kopo la chuma lenye vitundu vingi ndani, kama sega la nyuki. Kazi yake ni kusafisha moshi. Ndani yake mna madini adimu kidogo sana, lakini ya bei kubwa. Mnunuzi akianza kwa kuomba "bomba la moshi tu", fahamu kwamba ana sababu.

5. Njia tatu za kuuza

Njia ya kwanza ni kuuza gari zima kwa mtu atakayelifufua. Njia hii yafaa ikiwa fremu bado ni nzuri, kadi ipo, na gari ni la aina inayotafutwa. Wako watu wanaopenda magari ya zamani. Oktoba 2024 tamasha la Land Rover lilifanyika Arusha, na wenye magari hayo walikusanyika kwa mamia. Kwa hiyo Land Rover ya zamani, yaani zile zilizotengenezwa mpaka 1985, isiuzwe kama chuma kabla ya kuuliza mafundi na wenye magari kama hayo.

Njia ya pili ni kuuza spea moja moja. Njia hii huleta fedha nyingi, lakini huchukua muda. Leo utauza difu. Mwezi ujao utauza milango. Yafaa kwa mtu asiye na haraka, mwenye fundi mwaminifu na mahali pa kutunza vitu.

Njia ya tatu ni kuuza chuma chakavu kwa kilo. Wengi husema kuuza skrepa. Ni njia ya haraka. Yafaa ikiwa gari limeoza na halina spea nzuri.

Waweza pia kuchanganya. Uza kwanza spea zilizo nzima, kisha uza mabaki kwa kilo. Usianze na kilo, maana spea nzuri ikipimwa kama chuma chakavu umeitupa thamani yake.

6. Tufanye hesabu

Tuseme mama mmoja mjane ni msimamizi wa mirathi ya mumewe. Marehemu aliacha Land Rover mbovu. Mnunuzi amekuja, naye anasema, "Nitakupa shilingi 400,000 kwa gari zima." Mama huyu ana mtoto anayetakiwa kwenda shule. Je, akubali?

Mama hakujibu siku hiyo. Alimwita fundi. Wakakadiria uzito wa kila aina ya madini. Kisha aliuliza bei kwa wanunuzi watatu mjini. Bei tunazotumia hapa ni za mfano wa hesabu tu. Bei za kweli hubadilika, nawe uziulize siku unayouza.

Chuma: kilo 900 x Sh. 600 = Sh. 540,000
Alumini: kilo 150 x Sh. 3,000 = Sh. 450,000
Shaba: kilo 10 x Sh. 12,000 = Sh. 120,000
Jumla = Sh. 1,110,000

Sasa toa gharama. Tuseme fundi wa kufungua gari na usafiri ni Sh. 150,000.

Sh. 1,110,000 – Sh. 150,000 = Sh. 960,000

Tofauti na bei ya mnunuzi wa kwanza ni:

Sh. 960,000 – Sh. 400,000 = Sh. 560,000

Kama mama angekubali siku ya kwanza, angepoteza Sh. 560,000. Na hapa hatujahesabu spea nzima, kama difu na rimu, ambazo zingeuzwa kwa bei ya juu kuliko kilo.

Hii haina maana kwamba mnunuzi ni mwizi. Naye ana lori, ana wapakiaji, naye anatafuta faida. Biashara ni mapatano. Lakini katika mapatano, asiyejua hesabu ya mali yake hupangiwa bei na mwenzake.

7. Angalia mizani

Ukiuza kwa kilo, mizani ndiyo hakimu. Mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupewa alama. Uliza kuona alama hiyo.

Waweza pia kuijaribu mizani kwa njia rahisi. Chukua mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Mfuko huo ni kilo 50. Uweke kwenye mizani. Ikisoma 50, au karibu sana na 50, ni sawa. Ikisoma 40, mizani hiyo inakuibia kilo 10 katika kila kilo 50.

Kilo 10 si kitu kidogo. Katika kilo 900 za chuma, utapoteza kilo 180. Kwa bei ya mfano wetu ya Sh. 600, hiyo ni Sh. 108,000. Fedha hiyo imepotea bila mtu kuingiza mkono mfukoni mwako.

Wakati wa kupima, pima kila aina ya madini mbali. Usikubali alumini ichanganywe na chuma. Simama karibu, soma mizani mwenyewe, na uandike kila uzito katika daftari lako. Mwisho jumlisha wewe, naye ajumlishe. Hesabu zilingane kabla ya kulipana.

8. Andikeni mapatano

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno ya mdomo husahaulika. Karatasi hukumbuka.

Mapatano yawe na nakala mbili, moja ya muuzaji na moja ya mnunuzi. Waweza kuandika hivi:

MAPATANO YA KUUZA GARI
Tarehe: ..............
Mimi ........................ wa kijiji cha ........................ nimemuuzia Ndugu ........................ wa ........................ gari aina ya ........................ lenye namba ya usajili ........................, namba ya fremu ........................ na namba ya injini ........................
Gari hili ni bovu na halitembei. Mnunuzi ameliona na kulikubali kama lilivyo.
Bei ni Sh. .............. (kwa maneno: ........................).
Nimepokea Sh. .............. leo. Zimebaki Sh. .............., zitakazolipwa tarehe ..............
Sahihi ya muuzaji: ..............
Sahihi ya mnunuzi: ..............
Shahidi wa muuzaji: ..............
Shahidi wa mnunuzi: ..............

Andika maneno haya: "Gari hili ni bovu na halitembei." Ni ya kweli, nayo hukulinda. Mnunuzi hataweza kurudi mwezi ujao na kudai kwamba ulimwambia gari ni zima. Nawe usimfiche ubaya unaoujua. Kama fremu imekatika, mwonyeshe.

Andika bei kwa tarakimu na kwa maneno pia. Tarakimu huongezwa sifuri kwa urahisi. Maneno ni magumu kubadilisha. Tia sahihi yako baada ya kusoma yote. Usitie sahihi mahali palipoachwa wazi. Mashahidi wawe watu wazima wanaojulikana. Kwa mali kubwa, ni bora mapatano yafanyike mbele ya wakili.

Siku hizi malipo mengi hufanywa kwa simu. Mnunuzi akisema "nimetuma", usitazame ujumbe tu. Ujumbe wa uongo waweza kutengenezwa. Fungua simu yako mwenyewe na uangalie salio. Fedha ikionekana katika salio, ndipo gari lipakiwe. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri.

9. Usiache jina lako nyuma

Hapa ndipo watu wengi hujiingiza katika taabu. Wameuza gari, lakini jina lao limebaki kwenye kadi.

Fikiri kidogo. Mtu ananunua gari lako lililooza. Halihitaji gari. Anataka kadi na vibao vya namba. Anaiba gari jingine la aina ile ile na kulivisha namba zako. Gari la wizi sasa lina kadi halali, na kadi hiyo ina jina lako. Likigonga mtu au likikamatwa, mlango utakaogongwa kwanza ni wako.

Kwa hiyo fanya hivi:

(a) Ukiuza gari zima, nendeni pamoja TRA mkabadilishe jina la mwenye gari. Chukueni kadi halisi, mapatano, vitambulisho, na namba za mlipa kodi za wote wawili. Msimamizi wa mirathi achukue pia barua ya mahakama. Ulizeni ada kabla, na patanani nani atailipa.

(b) Ukiuza kama chuma chakavu au spea, usimpe mnunuzi kadi wala vibao vya namba. Vitoe kwanza. Uvipeleke TRA na ueleze kwamba gari hilo limekatwa na halitarudi barabarani, ili lifutwe katika usajili.

(c) Tunza nakala ya mapatano yako mahali pakavu. Usiitupe hata kama miaka imepita.

Muuzie mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni na mahali panapojulikana. Naye mnunuzi mwaminifu atakuuliza ushahidi kwamba mali ni yako. Usikasirike akiuliza. Anajilinda asinunue vitu vya wizi.

10. Jihadhari na hatari

Tangi la petroli: Tangi tupu ni la hatari kuliko watu wanavyofikiri. Mvuke wa petroli hubaki ndani, nao hulipuka. Gesi ya kukatia isiwashwe mpaka tangi limeondolewa na kupelekwa mbali. Watoto na wavuta sigara wasikaribie.

Jeki: Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tu, au lililokaa juu ya mawe yaliyolegea. Weka kwanza magogo imara.

Breki: Breki za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake hudhuru mapafu. Usilipulize kwa mdomo. Lowesha kwanza kwa maji.

Oili: Usimwage oili chafu kisimani, mtoni au shambani. Ikusanye kwenye dumu.

Betri: Ndani ya betri mna tindikali inayochoma ngozi na macho. Tena mna risasi, ambayo ni sumu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na mtoto haonyeshi dalili upesi. Kamwe usivunje betri nyumbani, wala usiyeyushe risasi kwa kutengenezea vyavu au uzito wa kuvulia. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watu wengi waliathirika kwa risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri za zamani. Mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba wakazi walipwe fidia. Lakini fedha haiwezi kuiondoa sumu mwilini mwa mtoto. Uza betri ikiwa nzima, kwa mnunuzi mwenye kibali.

Mambo ya kukumbuka

Gari bovu ni mali. Jua kwanza ni la nani. Tafuta kadi. Andika kilicho kizima na kilicho kibovu. Uliza bei kwa watu watatu. Jaribu mizani. Andika mapatano. Angalia salio. Ondoa jina lako kwenye kadi. Linda watoto na betri.

Mnunuzi akisema, "Amua sasa hivi, kesho sirudi," mwache aende. Gari limekaa miaka kumi. Linaweza kukaa wiki moja zaidi wakati wewe unahesabu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mtoto mkubwa hawezi kuuza gari la marehemu baba yake bila barua ya mahakama?
2. Taja madini manne yaliyo katika gari. Kila moja hupatikana wapi?
3. Land Rover ya zamani ina bodi ya madini gani? Utaijuaje?
4. Gari lina chuma kilo 700 na alumini kilo 60. Kwa bei za mfano katika somo hili, jumla ni shilingi ngapi?
5. Mizani inasoma kilo 45 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Utapoteza kilo ngapi katika kilo 500?
6. Hatari gani yaweza kumpata mtu aliyeuza gari na kumwachia mnunuzi kadi na vibao?
7. Je, kijijini kwenu kuna gari bovu la kijiji au la ushirika? Wananchi wafanye nini nalo?

Zoezi: Nakili karatasi ya mapatano katika daftari lako. Ijaze kama kwamba unamuuzia mwenzako baiskeli mbovu. Kisha badilishaneni madaftari na msahihishane.

Maneno ya kujifunza

kupunjwa – kupewa pungufu ya haki yako
mirathi – mali iliyoachwa na marehemu
msimamizi wa mirathi – aliyeteuliwa na mahakama kukusanya na kugawa mali ya marehemu
muhtasari – maandishi mafupi ya mambo yaliyoamuliwa katika kikao
fremu – chuma kirefu cha chini kinachobeba gari zima
tindikali – maji makali yanayochoma
salio – fedha iliyobaki katika akaunti
nakala – karatasi inayofanana na ile ya kwanza